Wawili Waliosema Hapana

Pointe Laurent, Louisiana
24 Oktoba 2022

Mjomba Alton mpendwa,

Tavie amegonga meza kwa kijiko sasa hivi akasema "Hapana!" na chakula chote kimesimama. Ninavyoandika, sufuria ya gumbo, mchuzi mzito wa kamba na bamia kama unavyoupenda, iko katikati ya meza, mvuke unapanda, na watu wazima watatu tunamngoja mwanangu wa miaka mitatu abadili mawazo. Unaijua sheria ya Mama. Tangu watu wa jopo walipokuhukumu kumi kwa wawili, hakuna jambo linalopita mezani kwake mpaka kila mtu aseme ndiyo, hata kama ni kuamua tu tuanze kula au tungoje. Mimi nilitaka kumpuuza mtoto. Mama akasema, "Muulize sababu. Mtu akisema hapana anaulizwa sababu." Nikamuuliza. Tavie akasema, "Moto." Bi Clotile akaonja, akaungua ulimi, akacheka mpaka akafuta machozi. Kwa hiyo tunangoja ipoe, na mimi nimeipata nafasi ya kukuandikia.

Shikamoo, Mjomba. Sisi hatujambo. Mama anakusalimia sana. Mimi bado niko kwenye banda la kumenya kamba, na mikono inanuka hata nikiisugua kwa ndimu. Babake Tavie yuko baharini kwenye mitambo ya mafuta, wiki mbili huku, wiki mbili kule. Bi Clotile amekuja na pai yake ya viazi vitamu kama anavyokuja kila mwaka mwezi huu, mwezi wa kesi yako.

Sasa nisijizungushe. Najua umeshasikia. Ijumaa iliyopita Mahakama ya Juu ya jimbo letu imesema mlango haufunguki nyuma, kwa waliohukumiwa zamani. Mimi sikusoma sana, lakini hili nimelifuatilia tangu nikiwa shule, kwa hiyo naomba niliseme mwenyewe nione kama nimelielewa. Mwaka 1898 wazungu wa jimbo hili walitunga kanuni kwamba si lazima raia wote kumi na wawili wa jopo linaloamua kesi wakubaliane, ili weusi wawili wakikaa humo sauti yao isihesabike. Mwaka 2018 tukapiga kura tukaifuta, lakini kwa kesi za mbele tu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu kabisa, ile ya Washington, ikasema kanuni hiyo ilikuwa inavunja katiba. Siku ile Mama alicheza jikoni. Mwaka uliofuata mahakama ileile ikasema sawa, ilikuwa kosa, lakini ambao rufaa zao zilishaisha wabaki walipo, labda majimbo yao yenyewe yawahurumie. Na sasa jimbo letu limesema haliwahurumii.

Hivi, Mjomba, mtu akikiri kwamba alikukanyaga mguu, si anauondoa mguu wake?

Mama aliizima televisheni, akaendelea kukata bamia. Nikamuuliza, "Mama, hukasiriki?" Akasema, "Nakasirika huku nakata." Nami nimeamua hivyohivyo. Wakili wako mpya yule, Bi Pruitt, alisema bado kuna njia ya kuongea na mwendesha mashtaka wa wilaya. Mimi nina matumaini. Cheka ukitaka.

Tavie amesema ndiyo. Tunakula.

Mpwa wako,
Jalisa


Gerezani
19 Novemba 2022

Kifaranga wangu,

Marahaba. Barua yako ilipata kulala ofisini kwao kabla ya kunifikia, na niliyopewa ni nakala, kama kawaida siku hizi. Wanachukua ile halisi, wanatupatia karatasi iliyopigwa picha. Mchoro wa Tavie umenifikia mweusi mtupu. Nimemwonyesha Wilbert, mwenzangu wa kitanda cha jirani, tukabishana kama ni bata au ni mimi. Mwambie aandike chini ni nini, na rangi gani.

Mimi mzima. Goti linauma kukiwa na baridi. Tulipata kabichi wiki nzima mpaka Wilbert akasema ataomba rufaa dhidi ya kabichi.

Uamuzi ule ulitukuta kwenye foleni ya chakula. Hakuna aliyepiga kelele. Kuna wazee humu, Kifaranga, walioingia na nywele nyeusi, wote kumi kwa wawili au kumi na moja kwa mmoja, na walikuwa wamekwisha kugawa vitu vyao: huyu achukue redio yangu, yule viatu. Jioni nikaona kila mtu anarudishiwa vyake. Mzee mmoja alikataa kuipokea redio. Akasema, "Kaa nayo. Mimi natoka tu, hao majaji wamekosea tarehe." Basi tukacheka, na tulipocheka tukajua bado hatujashindwa.

Umelieleza vizuri kuliko mawakili. Umesahau moja tu: waliokubali kuwa ni kosa, hawakusema pole.

Wakili alikuja wiki iliyopita. Hakuna jipya la kukusumbua.

Mbona Dada Verna haandiki? Alikuwa ananiwekea mistari miwili mitatu chini ya barua yako kila mara, kunigombeza. Nimeikosa. Mwambie hata kama ni tusi, aliandike kwa mkono wake.

Mjomba wako,
Alton


Pointe Laurent
9 Januari 2023

Mjomba,

Tavie amefunga mlango wa chooni kwa ndani na anaimba. Namwacha aimbe, maana nikikaa bila kelele nitaandika maneno ambayo mpwa hapaswi kumwandikia mjomba wake.

Shikamoo. Krismasi ilipita vizuri. Mama ni macho tu yanamsumbua, ndiyo maana haandiki. Ametuma salamu.

Nimekutana na Bi Pruitt. Nilikwenda kumpelekea zile picha zako za ujana alizotaka, nikamkuta anakula mkate akiwa amesimama, gari lake likiunguruma nje kwa sababu akilizima haliwaki tena. Akaniambia, "Jalisa, naomba familia iongee naye. Labda nyinyi atawasikia."

Nikasema, "Atusikie nini?"

Akauweka mkate chini. "Hakukwambia?"

Hukuniambia, Mjomba! Mwezi wa kumi na moja mwendesha mashtaka alikupa mkono wa mapatano. Hukumu ya watu kumi ifutwe, wewe ukiri kosa dogo zaidi, adhabu iwe ile uliyokwisha kuitumikia, utoke. Utoke! Kwa sharti moja, usimame mbele ya jaji useme kwa mdomo wako, "Nilifanya." Na wewe ukasema hapana, ukarudi kula kabichi yako. Halafu ukaniandikia eti hakuna jipya la kunisumbua.

Nilikuwa bado tumboni mwa Mama ulipokamatwa. Sijawahi kukuona bila mlinzi. Tavie anadhani mjomba ni mtu wa ndani ya simu. Neno moja, Mjomba. Majaji wameandika kurasa na kurasa za maneno wasiyoyaamini, wewe unashindwa neno moja? Sote tunajua hukumwibia wala kumjeruhi kwa risasi yule muuzaji wa petroli. Utasema, tutatazama chini, utavua nguo zao, tutakuja nyumbani tule. Nani ataumia?

Kule Oregon, jimbo jingine lililokuwa na kanuni kama yetu, mahakama yao imetoa uamuzi kabla ya mwaka mpya kwamba mlango unafunguka nyuma. Watu wao wanarudi. Katiba si ni hiyohiyo? Nimefurahi kwa ajili yao, halafu nikalia bandani mpaka msimamizi akauliza kama nimejikata.

Nakuomba. Sikuombi kama mtoto. Nakuomba kama mama wa mtu.

Sema upesi, Mjomba. Usiniulize kwa nini upesi.

Jalisa


Gerezani
2 Februari 2023

Kifaranga,

Una haki ya kukasirika, na barua yako nimeisoma nimesimama, kama mtu anayegombezwa. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaandika hivyo hasa, nami sikuwa na uhakika ningeweza kuisoma na bado nikasema hapana. Nimeisoma. Bado nasema hapana. Sasa keti nikueleze.

Siku ile ya hukumu jaji aliwataka watu wa jopo wajibu mmojammoja kama hii ndiyo hukumu yao. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wengi walikuwa wanaangalia viatu vyao. Ikafika kwa msichana mmoja, sikumjua jina, amevaa sweta la kijani. Akasema, "Hapana." Ukumbi wote ukageuka. Akafuata fundi bomba mmoja, Bwana Prosper, marehemu sasa, jitu zima, sauti kama ya mtoto. "Hapana." Jaji akahesabu akasema kumi wametimia, asanteni kwa kazi yenu, kama vile wale wawili walikuwa wamekohoa tu.

Yule msichana ndiye Clotile anayewaletea pai. Walimwachisha kazi dukani mwezi uleule. Prosper alikosa wateja upande wa pili wa reli, wanakoishi wazungu. Hawakunijua. Hawakunidai kitu. Walinyanyua shingo mbele ya watu wa mji wao kwa ajili ya mgeni.

Sasa mimi nisimame katika ukumbi uleule niseme nilifanya? Nitakuwa nimewaambia: nyinyi wawili ndio mliokuwa waongo, na wale kumi walikuwa sahihi. Mahakama imekataa kuwahesabu. Mimi pia nisiwahesabu? Hapana, mama. Jimbo zima linaweza kufanya hivyo. Si mimi.

Na nitakwambia jambo jingine. Wilbert ni kumi kwa wawili kama mimi, kosa kama langu, mwaka uleule. Tofauti yetu ni kijito. Yeye ni wa wilaya ya ng'ambo, na mwendesha mashtaka wao hampi mtu mkono hata wa salamu. Hajapewa hata uongo wa kuuchagua. Namtazama usiku najiuliza sheria gani hiyo inayoishia kwenye kijito.

Usiniandikie kunibembeleza, lakini niandikie. Na lile neno "upesi" silipendi. Macho ya Dada yana nini?

Alton


Pointe Laurent
27 Februari 2023

Mjomba mpendwa,

Tavie ameweka kofia ya Bi Clotile kichwani, ile ya manjano ya kanisani yenye manyoya, imemfunika mpaka kidevuni na amegonga ukuta. Hakulia. Ameuliza nani amezima taa.

Shikamoo. Hatujambo. Kamba wa matopeni wameanza kuingia bandani, kwa hiyo kazi ipo.

Nilipopata barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Halafu nikafanya jambo ambalo hutalipenda. Nilikwenda kwa Bi Clotile mwenyewe. Nilimkuta anapiga pasi vitambaa vya kanisa.

Akasema bila kuniangalia, "Sura hiyo ni ya kuomba. Haya, omba."

"Bi Clotile, naomba umwambie Mjomba aseme alifanya."

"Kwani alifanya?"

"Hakufanya."

"Sasa?"

"Aseme tu atoke. Anakataa kwa sababu yako. Eti atakuwa amekufanya mwongo."

Mjomba, aliiweka pasi chini akashika kiuno. "Ala! Alton Fuselier anasema hivyo? Basi mjomba wako ana majivuno. Anadhani nilisema hapana kwa ajili yake? Mimi nilikuwa simjui, na sura yake nilikuwa siipendi, alikuwa na masharubu ya ajabuajabu. Nilisema hapana kwa sababu muuzaji alisema mwizi alikuwa anachechemea, na mimi nilimwona mjomba wako anaingia ukumbini anatembea kama bwana harusi. Nikawauliza wenzangu mle chumbani, na mguu je? Mmoja akaniambia, dada, tunawahi chakula cha mchana, kumi tunatosha. Hakuna aliyeniuliza tena. Hata jaji hakuniuliza sababu."

Akaishika tena pasi.

"Hapana yangu ni yangu, Jalisa. Niliisema peupe. Ilinigharimu kazi, nikapata nyingine. Hakuna mtu wa kuninyang'anya, si mahakama, si Alton. Mwandikie hivi: akisema uongo wao atoke, nitamkaangia samaki. Akikataa, nitaendelea kuja na pai. Lakini asijifanye mlinzi wangu. Mimi nina miguu yangu."

Jioni tukalipeleka mezani, sheria ya Mama. Swali: Mjomba aseme neno lao au asiseme? Mimi nilisema aseme. Bi Clotile akasema aseme, kama roho yake inaweza. Babake Tavie alikuwa nyumbani, akasema aseme. Tavie akasema ndiyo, lakini nadhani alitaka keki. Tulipoihamishia meza chumbani kwa Mama ili naye apige kura, akatutazama mmojammoja. Akasema, "Hapana."

Nikamuuliza sababu. Akasema, "Sababu ninayo, na siisemi."

Kwa hiyo mezani kwetu halijapita, Mjomba. Wanne kwa mmoja haitoshi. Nilikuwa na hasira mpaka nikaosha sahani zilizokuwa safi.

Jalisa


Gerezani
20 Machi 2023

Kifaranga,

Nimecheka masharubu. Mwambie Clotile yalikuwa ya mtindo wa wakati ule, na mwambie nimesikia. Amenitua mzigo ambao hakunitwika. Mguu aliutaja muuzaji mahakamani, lakini sikujua kuna aliyeushika. Miaka yote hii sikujua ni kwa nini alisema hapana. Mimi pia sikumuuliza sababu.

Nimeongea na Bi Pruitt. Nimemwambia nitatia saini karatasi yoyote isiyoniwekea ile sentensi mdomoni. Anasema kuna namna ambayo mtu anakubali makubaliano kwa sababu yanamfaa, bila kusema alifanya. Mwendesha mashtaka hapendi. Nimemwambia mimi pia kuna mengi siyapendi. Anamwandikia mwendesha mashtaka habari ya mguu, na anataka maneno ya Clotile kwa kiapo. Lakini anaogopa kuchelewa, kwa sababu sheria inayoruhusu makubaliano haya ina watu wanaotaka ifutwe, na ikifika kwa majaji wa juu hatujui watasema nini.

Sasa nijibu swali moja, na usinidanganye, maana ninyi wawili hamjui kudanganya.

Kwa nini meza ilihamishiwa chumbani?

Alton


Pointe Laurent
11 Aprili 2023

Mjomba,

Tavie amelala begani kwa Mama, na Mama amekataa nimwondoe ingawa bega linamuuma. Anasema, "Mimi nasema, wewe andika tu, usiongeze chumvi." Maneno haya ni yake:

"Alton, mimi Verna. Nimeumwa figo tangu kiangazi cha mwaka jana. Wananisafisha damu kwa mashine siku tatu kwa wiki, na moyo umeanza kuichoka hiyo mashine. Daktari hanipi zaidi ya kiangazi hiki, lakini daktari mwenyewe hajui hata kuegesha gari, kwa hiyo tutaona. Usianze kulia. Bado nina mdomo.

Nilimkataza mtoto asikwambie kwa sababu nakujua. Ungejua naumwa ungekiri hata kuiba mwezi ili uje unishike mkono. Na mimi sitaki mkono wa namna hiyo. Mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi lile siku zote za kesi nikiwa na mimba ya huyu anayeandika. Nilisikia kumi wakisema ndiyo na nikaona hakuna hata mmoja aliyeniangalia usoni. Nimekaa miaka yote hii nikiwaambia watu kaka yangu hakufanya. Dukani, kanisani, kwenye foleni ya kura. Sitakufa nikiwa dada wa mtu aliyekiri kwa sababu yangu. Ndiyo sababu yangu, Jalisa, umeipata sasa.

Ukiweza kutoka bila neno lao, toka. Usipoweza, nitakufa nikiwa na hasira, nimezoea. Lakini usinifanye mimi kuwa sababu ya kusema uongo. Nimemaliza. Na kata nywele kabla ya kusimama mbele ya jaji, ulikuwa unapenda kujiachia."

Mwisho wa maneno yake. Mimi naongeza yangu. Ni kweli, nilikudanganya, macho yake ni mazima kabisa, anaona hata kope ikianguka. Mjomba, nimemsikia, na bado moyoni mwangu nataka urudi kwa njia yoyote. Mimi si mtu mgumu kama nyinyi. Lakini siwezi tena kukuomba useme.

Bi Clotile amekula kiapo. Alivaa ile kofia.

Jalisa


Kwa haraka, 29 Aprili

Mjomba, Bi Pruitt amepiga simu nikiwa bandani. Mwendesha mashtaka amekubali. Bila ile sentensi! Tarehe tisa Mei mbele ya jaji. Nimepiga kelele mpaka wakasimamisha mkanda wa mashine. Sijui kama kikaratasi hiki kitakufikia kabla yetu. Nimemwambia Mama, akasema, "Nilijua," halafu akageukia ukuta kwa muda mrefu. Tavie ameniuliza kwa nini bibi anacheka na mabega.

Mama anataka kuja mahakamani. Daktari amesema hapana. Mama hajamuuliza sababu.


Maegesho ya gereza
11 Mei 2023

Mjomba,

Tavie ameuminya mkate wake wa samaki mfukoni mwa koti nililokuletea, kwa hiyo ukinusa kitu njiani, usiulaumu mto tutakaouvuka. Tumefika asubuhi. Wametuambia tukae garini, karatasi zako zinazungushwa. Tumesubiri, mimi kalamu ninayo, na sijui kungoja namna nyingine isipokuwa kukuandikia. Hii utaipokea mkononi mwangu. Itakuwa ya kwanza ambayo hakuna mtu ameifungua kabla yako, na mchoro wa Tavie uliomo ndani ni wa rangi yake halisi. Ni wewe. Bata ni yule mwingine.

Shikamoo.

Najua juzi ulikuwepo mahakamani, lakini ulikuwa umetupa mgongo sisi, kwa hiyo nikuandikie ambayo hukuyaona. Ulipoingia, Mama alijinyoosha kwenye benchi. Alisema kwa sauti ndogo, "Bado anatembea kama bwana harusi," na Bi Clotile akamjibu, "Si nilisema?" Goti lako lilikuwa linauma, niliona, lakini hukuchechemea hata hatua moja.

Jaji alipokuuliza kama unakubali kwa hiari yako, nawe ukasema, "Nakubali kwa sababu nataka kwenda nyumbani, Mheshimiwa," yule kijana wa mwendesha mashtaka alianza kukusanya karatasi zake. Alidhani imekwisha. Halafu ukaongeza, bila kuulizwa, "Lakini sikufanya." Ungeona uso wake! Bi Pruitt aliinama kama mtu anayetafuta kiatu. Na ndipo ukasikia kelele nyuma yako. Ilikuwa ni Bi Clotile, amesimama na kofia yake.

"Na mimi bado nasema hapana," alisema.

Askari akamwendea. "Mama, kaa chini tafadhali."

"Nilikaa siku nyingi, mwanangu. Acha nisimame kidogo."

Sauti ile ndogo iliyouliza "Sababu gani?" hukujua ni ya nani, niliona ulishtuka. Ni Tavie. Alikuwa amekaa magotini kwa Mama, amemgeukia Bi Clotile, anauliza tu kama tunavyouliza nyumbani. Bi Clotile akamjibu Tavie, si jaji. Alimjibu yote, ya mguu, ya chakula cha mchana, na jaji aligonga meza mara moja tu halafu akaacha. Alimwacha amalize. Sijui kama iliandikwa mahali popote. Mama anasema si lazima, ukumbi umesikia.

Nilitaka kusema nimeridhika, lakini sijaridhika. Kwenye karatasi zao bado una kosa. Wale kumi wamefutwa lakini hakuna aliyesema walikosea. Na Bwana Wilbert amebaki humo ndani, ng'ambo ya kijito chake. Nimepata namba yake ya gerezani kwa Bi Pruitt. Nitaanza kumwandikia yeye wiki hii, na kwa mwendesha mashtaka wa wilaya yao, na kwa yeyote mwenye sanduku la barua. Mama amesema meza yetu ina nafasi ya kiti kimoja zaidi, na mpaka Bwana Wilbert akikalie, jambo hili kwetu halijapita. Tumepiga kura garini. Sote watano, babake Tavie kwenye usukani. Hata Tavie.

Mama amejifunga kitambaa chekundu na ameniomba kioo mara tatu. Hakwenda kwenye mashine leo. Nimemwambia, akaniambia mashine haijawahi kuwa na kaka. Bi Clotile amefungua mlango wa gari upande wake, eti anapunga hewa, lakini miguu iko nje tayari. Kuna samaki kwenye jokofu wanakungoja na sufuria ya

ngoja, lango lile dogo la pembeni limefunguka, kuna mtu amebeba mfuko wa karatasi, Tavie amesharuka anakimbia na koti, Mama anasema weka kalamu chini wewe, na mtu anaita "Kifaranga!" na Mjomba, sauti hiyo haitoki kwenye simu, inatoka kwa